Kafunguliwa Ijumaa, Kabeti Jumatano

Katika jumuiya yetu ya nyumba kwa nyumba huku Tabata kuna kijana wa bodaboda ambaye alikwenda mkesha wa Ijumaa, akawekewa mikono, akaanguka, akainuka akishuhudia kwamba roho ya kamari imemtoka. Hakuna aliyemcheka. Tulikuwa tunajua hela ya hesabu ya bosi inaishia kwenye mkeka wa kubeti, na mkewe alishakuja kukopa unga kwa mama ambaye sebuleni kwake ndiko tunakosalia. Jumatano ya wiki ya pili akabeti tena. Shilingi 2,000, timu saba. Sita zikatiki, ya saba ikachana mkeka.

Waliokuwa naye mkeshani wakasema hakufunguliwa sawasawa, arudi. Baadhi yetu Walutheri tukasema, kwa sauti ya chini na kwa raha ambayo hatukuificha vizuri, kwamba ndiyo mavuno ya makanisa ya kelele. Yeye hakusema neno. Aliacha tu kuja, wiki tano.

Ubishi huu kila Mkristo wa Dar anaujua, kwa hiyo sitauanzia Edeni. Swali ni moja: mtu aliyemwamini Kristo anakuwa huru na dhambi lini? Saa ile ile, au anaendelea kuwekwa huru mpaka kaburini?

Wanaosema saa ile ile wana Maandiko mikononi. "Basi Mwana akiwaweka huru, mtakuwa huru kweli kweli." Hakuna nusu hapo. Paulo naye anawaambia Warumi, "dhambi haitawatawala ninyi," bila masharti ya pembeni. Tena wana watu. Namjua mama aliyeacha pombe usiku mmoja na hajaigusa tena hadi leo. Ukimwambia habari za mchakato atakuuliza unazungumzia nini. Kuna jambo jingine wanaloliona kuliko sisi: mlevi au mzinzi haoni dhambi kama kosa kwenye orodha, anaiona kama mkono uliomshika shingoni. Ukimpa somo la katekisimu wakati anakabwa, unamwongezea mzigo. Mkesha, hata na spika zake zinazonyima mtaa usingizi, unamchukulia mateso yake kwa uzito.

Wana pia swali lao kwetu, nalo linauma. Kila Jumapili ibada yenu inaanza kwa kuungama dhambi. Jumapili ijayo tena. Mwakani tena. Sasa mtapona lini?

Nimelibeba swali hilo muda mrefu, kwa sababu anayeliuliza anadhani sisi tumekubali kushindwa na tukaupa ushinde wetu utaratibu na kanzu. Hoja ya Luther mwaka 1517, ya kwanza kabisa katika zile 95, ni kwamba Kristo aliposema tubuni alitaka maisha yote ya mwamini yawe toba. Kwa mlokole wa Kimara hiyo inasikika kama kifungo cha maisha. Mimi naisikia kinyume chake, na kilichonisaidia kuisikia hivyo ni lugha yetu wenyewe.

Soma Wagalatia 5:1 katika Biblia ya Union: "Katika ungwana huo Kristo alituandika huru, kwa hiyo simameni, wala msinaswe tena chini ya kongwa la utumwa." Biblia hiyo ilitoka mwaka 1952. Utumwa ulifutwa kisheria Tanganyika mwaka 1922, miaka 30 tu nyuma yake. Yaani wapo walioisoma wakiwa na nyanya aliyezaliwa mtumwa, na maneno ya mstari huo hayakuwa mafumbo kwao. Kongwa ni ule mti wa panda waliofungwa nao shingoni mateka waliotembezwa kutoka bara hadi Bagamoyo. Kuandikwa huru ni jambo lililofanyika kwa wino: bwana anatoa hati, na kuanzia hapo mtu yule si mali ya mtu. Na ungwana ulikuwa hadhi, namna ya kusema, kuvaa na kukaa barazani bila kuinamisha kichwa.

Ukiuliza pwani ilikuwaje baada ya hati kutoka, utaona kuwa mtumwa aliyeandikwa huru hakuamka kesho yake mngwana. Wengi walibaki karibu na nyumba ya bwana, wakaendelea kumtumikia kwa mazoea na kwa njaa, na mtaa ukaendelea kuwaita kwa jina la zamani. Wamisionari waliofika Bagamoyo mwaka 1868 walikomboa watumwa, watoto wengi miongoni mwao, kisha wakalazimika kujenga kijiji, kwa sababu mtu aliyekombolewa alihitaji mahali pa kuishi, jirani, shamba na kazi. (Kijiji kile kilikuwa na ukali wake pia, sikitangazi kama paradiso.) Hata hivyo hakuna aliyesema hati ni ya uongo kwa sababu mwenye nayo bado anashtuka akisikia sauti ya bwana wake wa zamani. Hati ilikuwa kamili siku ile ile, na ungwana ukajifunzwa polepole.

Hapo ndipo naona ubishi wetu unapoteza njia. Wa mkeshani wana haki juu ya hati. Wakolosai wanaambiwa hati ya mashitaka imefutwa na kugongomewa msalabani. Hilo halifanyiki kwa awamu. Lakini wakilifanya tukio la usiku mmoja kuwa ndilo pia ungwana wote, wanamwachia mtu wa Jumatano maelezo mawili tu: ama Mungu hakufanya kazi, ama yeye hakuamini. Wengi huchagua la pili, halafu hunyamaza.

Ukimya huo ndio unaonisumbua kuliko mafuta na maji ya upako ambayo watu hupenda kuyabishania. Aliyeshuhudia mbele ya mamia kwamba yu huru atasimamaje kusema ameanguka? Ushuhuda wake umekuwa mali ya huduma. Ataenda kufunguliwa tena kwingine asikojulikana, Mbagala akitoka Tabata, na kila safari roho inapewa jina jipya: mara ya kamari, mara ya ukoo, mara laana ya babu ambaye masikini hakuwahi kuona mkeka. Dhambi inapata mahali pazuri pa kujificha, ndani ya mtu anayeshangiliwa. Naye Yohana ameshaandika, "Tukisema kwamba hatuna dhambi, twajidanganya wenyewe."

Kuna Warumi 7, "lile baya nisilolipenda ndilo nilitendalo," ambayo wenzetu husema ni Paulo wa kabla ya kuokoka. Siibezi hoja yao. Agostino mwenyewe, mwalimu mkuu wa Kanisa la kale, aliisoma hivyo kwanza, baadaye akabadili mawazo. Sitaki kuegemeza kila kitu hapo.

Nataka kukiri la kwetu. Tuna utaratibu wa kurudi kundini, yaani kutubu mbele ya usharika, ambao kwa jina ni mzuri kuliko yote: kondoo kapotea, analetwa nyumbani. Kwa vitendo, mara nyingi anayesimama mbele ni binti aliyejifungua kabla ya ndoa, na aliyempa ujauzito yuko kwaya anaimba besi. Wabeti, wala rushwa na wapiga wake hawasimami. Kwa hiyo ukimya ninaowalaumu nao wenzetu tunao sisi pia, umevaa suti. Kuungama kwa pamoja kila Jumapili kunaweza kuwa njia ya kutoungama chochote.

Ndiyo maana huwa narudi kwa wazee wa uamsho ulioanzia Gahini, Rwanda, miaka ya 1930, ukaingia Bukoba mwishoni mwa miaka hiyo, na ukaja Dar na Wahaya waliohamia huku. Wale walikuwa na vyote viwili. Walisema wameokoka, tarehe waliitaja, bila aibu. Kisha walikutana kila wiki "kutembea nuruni": unaeleza ulichofanya tangu juma lililopita, mbele ya watu wanaokujua. Walirudisha vitu vya wizi kwa wenyewe. Hawakuona kuwa kukiri leo kunafuta wokovu wa jana. Walikuwa na mapungufu, pamoja na hukumu kali kwa wasiosema kama wao, lakini aliyeanguka Jumatano alikuwa na pa kwenda Alhamisi.

Kwenye kaburi la Lazaro, Yesu peke yake ndiye aliyemwita mfu. Akatoka, yu hai kabisa, na sanda miguuni na mikononi. Ndipo akawageukia waliosimama pale: "Mfungueni, mkamwache aende zake." Neno kufunguliwa, linalobandikwa kwenye mabango ya mikutano jiji zima, hapo limekabidhiwa kwa majirani.

Kijana wetu alirudi wiki ya sita. Hakuitwa na mchungaji, yule mama wa sebuleni ndiye aliyemfuata kijiweni na kumwambia, "Mwanangu, njoo hata kama umebeti." Siku hizi kila Alhamisi baada ya wimbo wa mwisho anampa mzee wa kanisa simu yake, na mzee, ambaye macho yake hayaoni karibu, anaisogeza mbali kwa urefu wa mkono na kusoma ujumbe wa miamala mmoja mmoja. Umeme. Hesabu ya bosi. Vocha. Alhamisi iliyopita alifika kwenye shilingi 1,000 ya Jumamosi, akasimama, akamtazama.

"Hii?"

"Hiyo ndiyo, mzee."

"Moja?"

"Moja."

Mzee akamrudishia simu, akaomba chai.