Kuchambua au kupekua?

Kila Aprili, Bunge likianza mkutano wa bajeti hapa Dodoma, neno la Kiingereza scrutiny, yaani kukagua jambo kwa makini, hurudi midomoni mwetu. Mtu mwenye Kiswahili chake safi atasema "hii bajeti inahitaji scrutiny", kisha anaendelea na Kiswahili kana kwamba hatuna neno la kukaa pale.

Wanaolitetea wana hoja. Uchunguzi, wanasema, umeshachukuliwa na maabara na polisi, ukaguzi ni wa wahasibu, na uchambuzi umehamia kwenye mpira. Scrutiny linabeba yote. Sikatai, maneno yetu yamegawana kazi. Ila tulifungue neno lenyewe. Asili yake ni Kilatini: scrutari, kutafuta kwa makini, ambalo kwa kawaida huhusishwa na scruta, yaani matambara na takataka. Ni mtu aliyeinamia rundo la vilivyotupwa, anageuza kimoja kimoja.

Sasa nenda soko la Majengo asubuhi. Mama muuza choroko amepakata ungo. Anapeta, makapi yanaruka, kisha vidole vinatoa kijiwe hiki na kile. Anachambua. Jicho lake liko kwenye choroko; kilichotoka hakitazami tena. Nyuma yake kuku anachakura makapi yaleyale kwa kucha, anarudi nyuma, anatazama, anadonoa punje iliyoponyoka. Yule anapekua. Kilatini kilianzia kwa kuku, siyo kwenye ungo.

Najua kupekua kunanuka vibaya: hati ya upekuzi, kupekua simu ya mwenzio. Kamati ikitangaza kwamba imepekua wizara, waziri ataona ametukanwa, na lawama hiyo si ya bure. Kwa muswada wa sheria, kuchambua kunatosha kabisa, maana hapo kazi ni kubakiza maneno mazuri na kuondoa mabovu.

Hesabu za Serikali ni jambo jingine. Ibara ya 63 ya Katiba imelipa Bunge kazi ya kuisimamia Serikali kwa niaba ya wananchi, na ripoti ya CAG, Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, inapofika mezani, kinachotafutwa kimo kwenye makapi: risiti iliyokosekana, malipo yaliyotangulia kazi, mkataba uliowekwa kando. Ukichambua tu, hivyo ndivyo vya kwanza kupeperuka. Hapo nataka Kamati ya Hesabu za Serikali ipekue, na iseme kwa Kiswahili kwamba imepekua.