Mapenzi Yanayochorwa Hewani

Scott Pilgrim vs. the World ilitoka 2010, ikagharimu takriban dola milioni 60, na kumbi za sinema za dunia nzima hazikuirudishia hata milioni 50. Inaniuma, kwa sababu mpaka leo sijaona filamu ya mapenzi ya vijana inayoyasemesha macho kama hii.

Kisa chenyewe ni chepesi. Scott, kijana wa miaka 22 wa Toronto anayepiga gitaa la besi katika bendi isiyo na jina kubwa, anampenda Ramona Flowers. Akimtaka, sharti kwanza apigane na wapenzi wake saba wa zamani. Bryan Lee O'Malley alikichora kisa hicho katika vitabu 6 vya katuni, na mwongozaji Edgar Wright akakileta kwenye skrini pamoja na wino wake. Simu ikilia, herufi za mlio zinaonekana hewani. Nyuzi za gitaa zikipigwa, sauti inaandikwa. Adui akishindwa anapasuka na kugeuka sarafu, kama kwenye gemu.

Wapo wanaoyaita hayo mapambo. Sikubaliani nao kabisa. Katika pambano la mwisho, Scott anatangaza kwamba anampenda Ramona, na upanga wa nguvu ya mapenzi unachomoka kifuani mwake. Anapigana nao, anauawa. Kwa kuwa alishajipatia uhai wa ziada, anarudi, na safari hii anachomoa upanga mwingine: nguvu ya kujiheshimu. Huo ndio unaofaa. Filamu nyingine ingehitaji rafiki mwenye busara, benchi na hotuba ndefu kutueleza kwamba kumpenda mtu hakutoshi ikiwa wewe mwenyewe hujajiweka sawa. Hapa ni panga mbili, na kijana wa miaka 16 anaelewa papo hapo.

Doa ninaloliona ni Knives Chau. Ni mwanafunzi wa miaka 17 ambaye Scott anamchezea huku moyo wake uko kwa Ramona. Ellen Wong anamwigiza kwa moto wa kweli, lakini filamu inayageuza machungu yake kuwa kichekesho mara nyingi mno. Scott anamwomba msamaha mwishoni, tena upesi upesi. Msichana yule alistahili zaidi.

Na sisi Nairobi tunangoja nini? Panda matatu ya Rongai au ya Umoja uone: sura za wanamuziki, maandishi yanayopiga kelele, taa za zambarau, kila kipande cha bati kimechorwa. Mwaka uleule wa 2010, jarida la katuni la Shujaaz lilianza kuwafikia vijana wetu bure, kwa Sheng. Wachoraji tunao, wasomaji wa katuni tunao. Lakini mapenzi yetu kwenye skrini bado yanakaa sebuleni, watu wawili kwenye kochi wakielezana wanavyojisikia.

Nataka filamu ambamo ujumbe wa simu uliosomwa bila kujibiwa unajaza anga la barabara ya Tom Mboya, na makanga anaupita akiita abiria. Nataka ichorwe na mikono ileile inayochora matatu, nao walipwe vizuri. Na ikitengenezwa, isimuliwe na yule msichana aliyeachwa.