Somo la Kwanza la Ngumbaru Liwe Hesabu ya Jikoni

Jumamosi moja mwezi wa tano niliingia darasani na chupa tupu ya lita moja. Nawafundisha watu wazima hapa Nyalenda, Kisumu, wengi wao akina mama ambao hawakumaliza shule. Mama mmoja muuza mboga alikuwa ameshikilia kwamba mafuta ya kupikia ya kupima ndiyo nafuu. Basi tukachanga, tukamtuma kijana kwenye duka lile lile analonunua, akarudi na vipimo vya shilingi 20. Tukavimimina kimoja kimoja, darasa zima limenyamaza. Chupa ilijaa kwenye kipimo cha 21. Shilingi 420, na dukani lita nzima ya chupa ilikuwa 350. Mama akaiinua chupa, akaitazama, kisha akasema polepole, "Mwalimu, hiyo 70 ni omena ya jioni."

Tangu siku hiyo sina shaka: kwenye ngumbaru, hesabu ya jikoni itangulie hata a-e-i-o-u. Mtu mzima hujifunza kugawanya upesi akijua kinachogawanywa ni unga wake.

Wapo wanaodai kwamba maskini hajui kupanga. Sikubali hata kidogo. Anayelipwa kwa siku hununua kwa siku, maana asubuhi hana 350. Kwa hiyo somo bila chama, yaani kikundi cha kuweka akiba pamoja, ni kumwonjesha mtu asali na kumnyima mzinga. Darasa letu sasa linaweka 30 kila siku kwa mweka hazina, tununue mahindi kwa magunia ya kilo 90 na kugawana. Tunangoja Agosti na Septemba, mahindi mapya ya Busia na Kakamega yanapoingia sokoni na bei kulegea.

Lakini mahindi mapya yana hatari yake. Ukiyafunga guniani kabla hayajakauka huota ukungu, na ukungu huleta aflatoksini, sumu isiyoonekana wala kuondoka kwa kuchemsha. Mwaka wa 2004 iliua watu zaidi ya 100, wengi wao Ukambani, kwa mahindi yaliyohifadhiwa na unyevu. Ndiyo sababu nafundisha kipimo cha chumvi, ambacho hakihitaji mashine. Chukua chupa kavu ya kioo, tia vijiko vitatu vya chumvi kavu na mahindi hadi robo ya chupa, funga, tikisa dakika chache, kisha uiache itulie robo saa. Chumvi ikigandamana na kioo, mahindi yarudi juani.

Wa kwanza kuitikisa ile chupa alikuwa baba mmoja, fundi wa baiskeli. Alikiri mbele ya wote kwamba hajawahi kununua chakula cha nyumba yake, kazi hiyo ni ya mama watoto. Jumapili iliyofuata nilimwona soko la Kibuye, amechutama mbele ya muuza maharagwe, akipapasa kitako cha gorogoro, mkebe wa kupimia, kwa kidole kuona kama kimebonyezwa ndani ili kupunja, kabla hajatoa pesa.