Corky Lee na Picha Isiyokuwa na Wachina

Wapo wanaodai kwamba mpigapicha anayeshikamana na harakati za watu wake hupoteza sifa ya kuwa shahidi. Nikitazama kazi ya mpigapicha Corky Lee, aliyezaliwa New York mwaka 1947 katika familia ya wahamiaji wa Kichina, baba akiwa dobi na mama mshonaji, naona dai hilo halina mashiko.

Akiwa mwanafunzi, Lee aliiona picha mashuhuri iliyopigwa na Andrew Russell huko Promontory, Utah, tarehe 10 Mei 1869, siku reli iliyotoka mashariki mwa Marekani ilipounganishwa na ile ya magharibi. Wahandisi wawili wanapeana mikono, na juu yao watu wamepanda kwenye vichwa vya treni wakiinua chupa. Kampuni ya Central Pacific, iliyojenga reli ya upande wa magharibi, ilikuwa imeajiri Wachina zaidi ya 10,000, waliopasua miamba ya milima ya Sierra Nevada ili njia ipite, lakini Lee aliwatafuta hata kwa kioo cha kukuzia asiwaone. Mwaka 2014 aliwakusanya vitukuu wa vibarua hao mahali palepale, akawapiga picha. Atakayesema kwamba hayo ni maigizo akumbuke kuwa ya 1869 nayo ilipangwa, kwani watu hawapandi juu ya treni na chupa zao kwa bahati tu.

Hata hivyo, si hiyo ninayoithamini zaidi. Mwaka 1975, wakazi wa Chinatown, mtaa wa Wachina jijini New York, walipoandamana kupinga ukatili wa polisi, Lee alimnasa mwandamanaji anayevuja damu akikokotwa na askari, na gazeti la New York Post likaiweka picha hiyo ukurasa wa mbele. Baada ya mashambulizi ya kigaidi ya Septemba 2001 nchini Marekani, Masikh, waumini wa dini yenye asili ya India, walipokuwa wakishambuliwa kwa kudhaniwa Waislamu kwa sababu ya vilemba vyao, alimpiga picha mmoja wao katika mkesha wa mishumaa, amejifunika bendera ya Marekani.

Picha za namna hiyo hazipatikani kwa kutumwa. Mhariri humtuma mtu Chinatown pakiwa na fujo au sherehe ya mwaka mpya. Lee, ambaye kwa miaka mingi alipata riziki yake katika kampuni ya uchapaji, alikuwapo siku nyingine zote pia, hadi Korona ilipomuua Januari 2021.