Kikosi cha The Cadets kikifufuliwa, nani atalipa?

Januari 2024, bodi ya The Cadets ilitangaza kwamba kikosi hicho cha ngoma na tarumbeta kinafungwa, na kwamba shirika linalokiendesha linakwenda mahakamani kutangazwa muflisi. The Cadets walikuwa wanaingia mwaka wao wa 90. Walianza 1934 kama kikundi cha vijana wa parokia ya Holy Name mjini Garfield, New Jersey. Baadaye wakaachana na parokia, wakabaki na jina la mji, na hadi 2011 walikuwa wametwaa mara 10 ubingwa wa Drum Corps International (DCI), shirika linaloendesha mashindano ya vikosi hivi Marekani. Walikuwa wa kwanza kuunyakua miaka mitatu mfululizo, 1983 hadi 1985. Jina la namna hiyo halizikwi kimyakimya. Swali la kulirudisha uwanjani liliibuka papo hapo, na majibu yake ni magumu kuliko wanavyokiri mashabiki wa pande zote mbili, wanaotaka kirudi na wasiotaka.

Kwa asiyewajua, hawa si bendi ya shule. Kikosi kikubwa kina vijana hadi 165 wa kupuliza, kupiga ngoma na kucheza bendera, na ukifika miaka 22 zamu yako imekwisha. Wanajifunza onyesho moja la dakika kama 12, kisha wanazunguka Marekani majira yote ya joto kulionyesha kwenye viwanja vya mpira, wakilala sakafuni katika kumbi za michezo za shule na kufanya mazoezi juani tangu asubuhi. Fainali huwa Agosti, mjini Indianapolis. Hakuna kijana anayelipwa. Wao ndio wanaolipa, na ada ya msimu mmoja ni maelfu ya dola.

Hata hivyo ada hiyo haitoshi. Piga hesabu ya mabasi manne, malori ya ala na ya mapambo, lori la jiko, milo minne kwa siku kwa watu wanaokaribia au kupita 200, walimu, bima, na malipo kwa wenye haki za nyimbo. Bajeti inapita dola milioni moja kwa urahisi. Pengo linazibwa na wafadhili, mauzo ya fulana, mgao wa viingilio na chochote ambacho shirika limebuni la kuingiza pesa. Tatizo kubwa zaidi ni kalenda. Mabasi na walimu wanaahidiwa pesa wakati wa baridi, mapato mengi yanaingia wakati wa joto. Kikosi kinaishi kwa kukopa kutoka mwezi ujao, na msimu mmoja ukiharibika, deni linaanza kuzaa.

Msimu ulioharibika kuliko yote ulikuwa 2020. DCI ilifuta mashindano kwa mara ya kwanza tangu yaanze mwaka 1972, na 2021 vikosi vilirudi bila kushindania ubingwa. Waliporejea kikamilifu, usafiri ulikuwa umepanda bei. Lakini nisiitupie korona lawama zote. Kwa miaka 20 kabla yake mchezo huu ulikuwa umejiongezea gharama wenyewe: mwaka 2000 ziliruhusiwa tarumbeta za ufunguo wowote badala ya zile za zamani za ufunguo wa G, 2004 vikaja vipaza sauti, 2009 vinanda vya umeme, kisha majukwaa na mapambo yanayohitaji lori lake. Kila ruhusa iliyotolewa iligeuka kuwa lazima, kwa sababu asiyekuwa nacho hupitwa kwenye alama. Binafsi nayapenda maonyesho ya leo, ni mazuri kuliko ya zamani. Ila yanagharimu vikosi vizima.

Kuna jambo la mwaka 2010 ambalo wengi wamelisahau. Vikosi saba vikubwa viliungana na kudai mgao mkubwa zaidi wa mapato ya DCI pamoja na sauti kubwa zaidi katika maamuzi, kwa hoja kwamba watazamaji huja kwa ajili yao. The Cadets walikuwemo. Santa Clara Vanguard, cha California, nacho kilikuwemo. Mwishoni mwa 2022 Vanguard kilitangaza kwamba hakitaingia uwanjani msimu wa 2023 kwa sababu ya fedha, na mwaka mmoja baadaye The Cadets wakafungwa. Wawili kati ya saba waliojiona nguzo za mchezo walianguka ndani ya miezi kumi na kitu. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari, na habari ya hawa wawili ilifika kwa vijana wao kama kishindo, baadhi yao wakiwa wamebakiza mwaka mmoja tu wa kucheza.

Lakini Vanguard kimerudi. Msimu wa 2024 kilikuwa uwanjani na kikafika fainali. Kikosi hiki, kilichoanzishwa 1967 na bingwa mara saba, mara ya mwisho 2018, kilikuwa hakijakosa fainali hata moja tangu 1972. Rekodi hiyo kiliivunja chenyewe kwa kukaa nje, na naona huo ndio uamuzi wa kijasiri zaidi uliofanywa na bodi yoyote ya mchezo huu katika miaka ya karibuni. Kusimama wakati bado una kitu mkononi ni jambo ambalo fahari hulikataza.

Kilichowawezesha kusimama bila kufa ni kwamba Vanguard kina kwao. Kipo Santa Clara, kimekuwepo hapo tangu siku ya kwanza, na kwa miongo kadhaa kimeendesha ukumbi wa bingo, mchezo wa bahati wa namba, ambao wakazi huja kucheza na faida yake huenda kwa vijana. Korona ilipofunga kumbi, mfereji huo ulikauka, na hapo ndipo pengo lilipoonekana. Kumbi zilipofunguliwa, palikuwa na mahali pa kurudi: jengo, majirani, wazazi, mashine ya kuingiza pesa isiyotegemea kushinda Indianapolis. Ufufuo wao ulianzia huko, kabla ya mtu yeyote kushika tarumbeta.

The Cadets hawakuwa na kitu cha namna hiyo. Walihama Garfield, wakakaa miaka mingi Allentown, Pennsylvania, kisha wakahamia Erie, upande mwingine wa jimbo hilohilo, wakiwa tayari wamechoka. Jina lilikuwa kubwa nchi nzima, lakini hapakuwa na mji uliokuwa unalilea. Na walikuwa na jeraha ambalo Vanguard hakikuwa nalo. Aprili 2018 gazeti la Philadelphia Inquirer lilichapisha madai ya wanawake kadhaa kwamba mkurugenzi wa kikosi, aliyekuwa madarakani kwa zaidi ya miaka 30, aliwadhalilisha au kuwashambulia kijinsia. Alikana, akajiuzulu, na bodi iliyomsimamia ikaondoka. Shirika lililobaki lilijaribu kujisafisha na kuanza upya. Kisha ikaja kesi ya madai kuhusu unyanyasaji wa kijinsia uliodaiwa kutokea miaka ya 1980. Kesi ya namna hiyo hula pesa hata kabla jaji hajasema neno: mawakili, bima inayokataa, wafadhili wanaonyamaza. Kwa kikosi kilichokuwa kinaishi kwa pesa ya mwezi ujao, ikawa ndiyo mwisho.

Wanaotaka kifufuliwe wana hoja nzito, na sipendi zinavyopuuzwa kwa kuitwa ndoto za wazee. Ya kwanza ni nafasi. Miaka ya 1970 Marekani ilikuwa na mamia ya vikosi vya vijana, kila mtaa wa parokia au wa maveterani ukiwa na chake. Leo daraja la juu lina takriban 20. Kila kimoja kikifa, zaidi ya vijana 100 wanakosa mlango, na wanaoumia zaidi ni wale wasio na uwezo wa kupanda ndege kwenda kufanya usaili mbali na kwao. Ya pili ni haki: kijana wa miaka 17 anayetaka kuvaa sare ile ya rangi ya damu ya mzee na dhahabu, iliyoshonwa kwa kuiga kadeti wa chuo cha kijeshi cha West Point, hakumdhulumu mtu. Kwa nini alipe kwa makosa yaliyotendwa kabla hajazaliwa? Ya tatu ni ya vitendo. Jina linachangisha. Mtu aliyepiga tarumbeta Garfield mwaka 1984 atatoa hundi kwa The Cadets, na hatatoa kwa kikosi kipya kisicho na historia.

Upande wa pili unajibu kwamba hoja hiyo ya tatu ndiyo inayotia shaka. Kwa sheria ya Marekani ya ufilisi, shirika linapofungwa kabisa, msimamizi aliyewekwa na mahakama huuza kilichobaki ili kuwalipa wanaodai, na jina, sare na nota vinaweza kuwa miongoni mwa vinavyouzwa. Kwa kawaida anayenunua hununua bila madeni. Maana yake mtu anaweza kuchukua ubingwa wote 10 na kuacha nyuma yule aliyefungua kesi, akiwa kwenye foleni ya wadai pamoja na kampuni za mabasi. Sheria haina neno na hilo. Mimi nina neno. Huwezi kusema sisi ni walewale wa 1984 unapochangisha, kisha ukasema sisi ni wengine kabisa mtu wa miaka hiyo anapobisha hodi. Ukichukua jina, umechukua na wanaolidai, hata kama hati ya mauziano inasema vingine.

Hoja yao nyingine ni ya pesa tupu. Zaidi ya dola milioni moja zinazohitajika kurudisha kikosi kimoja kikubwa zingeweza kuvishika mkono vikosi vidogo kadhaa vinavyoyumba sasa hivi, ambavyo vina vijana, vina miji, na vinakosa basi tu. Naikubali nusu. Ni kweli kwa mizani, lakini pesa za ukumbusho haziendi zinakoelekezwa na mizani. Yule mzee wa 1984 asipompa The Cadets, uwezekano mkubwa ni kwamba hampi mtu.

Kwa hiyo mimi nasimama na wanaotaka kufufua, ila si ufufuo wanaouota wengi wao, wa kurudi moja kwa moja daraja la juu na malori sita. DCI ina ngazi za chini: daraja la wazi lenye ziara fupi, na SoundSport, ambapo kikundi kidogo kinashiriki bila kuzunguka nchi. Waanze huko, na waanzie New Jersey, karibu na Garfield kulikowazaa, wakifundisha watoto wa eneo hilo kwa ada ambayo mzazi wa hapo anaweza kuilipa. Watafute bingo yao, iwe ni nini, kabla ya kutafuta mbunifu wa onyesho. Sehemu ya kila mchango ielekezwe kwa waliodhulumiwa chini ya jina hilo, kwa matibabu na ushauri, na waulizwe wao kwanza kama wanaridhia lirudi. Wakikataa, uanzishwe kikosi kizuri chenye jina jingine.

Na kabla ya kuita vijana kwenye usaili wowote, kila mzazi aweze kusoma mambo mawili bila kuomba: bajeti ya miaka mitatu iliyopitiwa na mkaguzi wa nje, na jina la mtu wa kupelekewa malalamiko, asiyeajiriwa wala kufukuzwa na mkurugenzi wa kikosi.