Laptopu haikulipuka

Kwanza kabisa, haikulipuka. Aliyewaambia ililipuka hakuwepo kwenye kikao pale mtaa wa Sakina Jumapili, au alikuwepo ila alikuwa kaunta. Hakukuwa na moto wala moshi, na mimi sikukimbilia chooni. Nilikwenda chooni kwa mwendo wa kawaida, baadaye. Ila kwa kuwa kuna mtu (tutamfikia) ameshatuma sauti ya dakika nne kwenye magrupu matatu, ngoja niseme mwenyewe kidonda kikiwa bado kibichi.

Wa siku nyingi mnaijua ile laptopu. Mtumba wa Uingereza, niliinunua mjini mwezi wa tano, muuzaji akaapa kwa mama yake kwamba ilikuwa inakaa ofisini inaandika barua tu. Ilikuwa inachemka. Kwenu mlioko Dar hilo ni tatizo. Huku Chuga, yaani Arusha, mwezi wa saba, mlima hauonekani wiki nzima na maji ya bomba yanauma meno, kitu kinachochemka hakirudishwi dukani. Nilikuwa napanda nayo kitandani, naiweka mapajani, najifunika shuka la Kimasai, mimi na yeye. Paka wa mama naye alikuwa anakuja kulalia kibodi. Mapenzi ya watu watatu.

Shida yake ilikuwa kujizima. Unaandika, dakika ya ishirini, giza. Nilivumilia mpaka kamati ya harusi ya binamu yangu iliponichagua mweka hazina, kwa sifa moja tu: "Huyu ana laptopu." Mtu ukishapewa cheo unatafuta fundi.

Fundi wangu yuko karibu na Stendi Ndogo. Alipotoa mfuniko wa chini, kati ya feni na yale mapezi membamba ya shaba kulikuwa na kipande cha blanketi. Sitanii. Vumbi, nyuzi za shuka na manyoya ya paka vimeshikana hadi akakibandua kwa kibano kikatoka kizima, chekundu kwa mbali. Akakiinua juu wateja wengine wakione. "Feni nzima," akasema, "ila haina pa kupumulia." Ile dawa ya kijivu inayopakwa juu ya prosesa, ule ubongo wa laptopu, ili joto lihamie kwenye shaba nayo ilikuwa imekauka kama ukoko. Prosesa ikikaribia nyuzi 100 inajizima isiungue. Kumbe miezi yote ile nilipokuwa naitukana, maskini ilikuwa inajiokoa.

Akapuliza, akafuta, akapaka dawa mpya, 25,000. Kisha akagonga betri kwa ukucha. "Kaka, hii imevimba."

Imevimba kweli, kama andazi lililozidi hamira, ngozi yake ya fedha imekaza mpaka inang'aa. Tena dalili zilikuwepo. Laptopu ilikuwa inayumba mezani, nikadhani meza ya mama imepinda, nikakata kipande cha kandambili nikaupachika mguu. (Mama, kama unasoma, ile kandambili ya bluu ni mimi.) Kile kibao cha kupapasia chini ya kibodi kilikuwa kimeinuka upande mmoja, nikasema labda ndivyo Waingereza wanavyopenda. Fundi alikuwa ameshaiendeshea ile amri ya powercfg inayotoa ripoti ya betri: ilitengenezwa kubeba miliwati-saa 45,000, sasa inabeba 1,900. Akanisihi aitoe palepale, nisiichaji, nisiitoboe, nitumie umeme wa moja kwa moja mpaka nipate nyingine. Nyingine 90,000.

Nikamwambia, "Iache kwanza. Jumapili nina kikao, umeme ukikatika je?"

Aliniangalia kama daktari anayemwangalia mgonjwa anayeomba Panadol. Akafunga shingo upande, akanionya nisije nikalala nayo.

Basi Jumapili. Ukumbi wa nyuma wa baa, ule ukuta mweupe wanapoonyesha mpira, projekta inaning'inia darini. Nimeiweka laptopu juu ya vizibo vinne vya soda ipate hewa, najiona injinia. Iko kwenye chaji tangu saa kumi. Watu thelathini na kitu, shangazi sita mstari wa mbele, Baba Mkubwa kwenye kiti cha mwenyekiti na koti lake la misa. Ukutani, jedwali la Excel: jina, ahadi, kilicholipwa. Mimi mwenyewe nipo namba 47, chini kabisa, hakuna anayeshuka huko. Ahadi 200,000. Kilicholipwa, 0.

Niseme hapa kwamba mimi ni mwongo ila si mwizi. Ningeweza kuandika 200,000 hewa. Niliandika sifuri kwa mkono wangu.

Nimepeleka mshale kwenye neno "kilicholipwa", juu ya kile kitufe cha menyu pembeni yake, niwaonyeshe jumla. Nikainua kidole. Nimeinua, jamani, sigusi kitu. Kibao kikalia chenyewe: ta. Andazi limesukuma kutoka chini. Menyu ikafunguka. Nikasogeza mshale nitoke pale, ukateremka kama nukta mbili. Ta.

Ulipofikia ndipo pana ile amri ya kwanza juu kabisa: panga kuanzia kidogo kwenda kikubwa.

Majina yakapepesuka ukutani. Namba 47 akapanda. Akawapita wajomba, akawapita majirani, akapita kwaya nzima, akaketi juu kabisa akiwa na herufi za ukubwa wa sahani na sifuri lake kama gurudumu la kifodi.

Kimya. Nyuma kule chupa ikawekwa mezani taratibu.

Nikafunga kifuniko. Picha ikabaki. Niliiseti mwenyewe isilale ukifunga, kwa sababu ikilala haiamki. Nikavuta kebo nyeusi ya projekta. Ilikuwa ya chaja. Nikapumua, maana betri ile huwa inakata dakika ya tatu. Na najua mnachotaka kuuliza: kwa nini hukushikilia kitufe cha kuzimia? Ninyi mmewahi kusimama mbele ya shangazi sita?

Dakika ya tatu ikapita. Ya nne. Laptopu ambayo tangu mwezi wa tano haijamaliza nusu saa bila kuzirai, siku hiyo imepigwa dawa, imesafishwa mapafu, imekaa juu ya vizibo vyake kama bibi harusi, baridi kabisa. Sijawahi kuiona na afya ile.

Baba Mkubwa akavaa miwani. Akasoma polepole, kwa sauti, kama somo la kwanza: jina langu, la baba yangu, la ukoo. Akavua miwani.

"Mwanangu, huyu wa kwanza ni wa kwetu?"

"Ni wa kwetu, Baba."

Shangazi wa Tengeru ndiye aliyenimaliza. Huyu nilimtumia meseji tatu kwa ajili ya elfu thelathini, ya tatu nikaandika "tafadhali tusiangushane". Akasema taratibu, hata hakunitazama: "Mimi niliuza majogoo."

Dakika ya saba ikazima.

Mengine mafupi. Nilikopa usiku uleule nikalipa kwa simu, ujumbe nikausoma mbele ya wote. Jumatatu fundi akatoa betri, akaiweka nje kwenye kopo la mchanga, hakusema kitu, akacheka tu alipogeuka. Laptopu sasa inaishi kwenye umeme, umeme ukikatika inakufa papo hapo, na mimi nimehamishiwa kamati ya kupanga magari.

Sasa wewe wa ile sauti ya dakika nne, unayenitumia picha za maandazi saa nane usiku. Ukuta ule ulikuwa na mstari wa pili. Watu wote walikuwa wananiangalia mimi, kwa hiyo hawakuusoma. Ahadi 50,000, kilicholipwa 10,000. Faili bado ninalo, rafiki yangu, na Jumapili hii projekta ipo.