Kichwa cha habari si hukumu

Kuna sentensi inayorudi muhula baada ya muhula kwenye insha za sheria ya familia: kwamba Mahakama Kuu ya Tanzania ilifuta ndoa za utotoni mwaka 2016. Tanbihi yake huwa kiungo cha gazeti. Inaudhi, kwa sababu kila anayeiandika anajua kwamba TanzLII, hifadhi ya mtandaoni ya hukumu na sheria za Tanzania, ipo, haina ada, na hukumu zimejaa humo.

Hebu tuifungue hukumu. Wadaawa ni Rebeca Z. Gyumi dhidi ya Mwanasheria Mkuu wa Serikali, shauri namba 5 la 2016, na uamuzi ulitolewa 8 Julai mwaka huohuo. Vilivyolalamikiwa ni vifungu vya 13 na 17 vya Sheria ya Ndoa, Sura ya 29. Cha 13 kiliweka miaka 18 kwa mvulana na 15 kwa msichana, na kuiachia mahakama nafasi ya kuruhusu hata aliyefikisha 14. Cha 17 kiligusa idhini ya mzazi kwa binti aliye chini ya 18. Majaji walisema vifungu hivyo vinakinzana na Katiba. Gazeti linaishia hapo, na mwanafunzi naye anaishia hapohapo.

Lakini shuka mpaka kwenye amri, mwisho kabisa. Mahakama iliipa Serikali mwaka mmoja irekebishe vifungu hivyo na kuweka miaka 18 kwa wote. Amri ya namna hii haikutoka hewani. Ibara ya 30(5) ya Katiba inairuhusu Mahakama Kuu, badala ya kutamka kwamba sheria ni batili, kuipa Serikali fursa ya kurekebisha hitilafu, na sheria hiyo ikahesabiwa kuwa halali hadi irekebishwe au muda uliowekwa uishe, kutegemea lipi linatangulia. Kwa maneno mengine, kutangazwa kuwa kinyume cha Katiba na kufutwa siku hiyohiyo ni mambo mawili. Mtihani wa sheria ya katiba unaweza kukaa wote juu ya tofauti hiyo, na tofauti hiyo huwezi kuipata kwenye kichwa cha habari chenye maneno sita.

Tena safari haikuishia pale. Serikali ilikata rufaa, na tarehe 23 Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikaitupa. Anayetaja uamuzi wa 2016 peke yake ametaja ngazi ya chini na kuiacha ya juu, ambayo ndiyo inayozifunga mahakama nyingine zote nchini.

Kwa hiyo unaposoma habari ya mahakamani, chukua vitu vinne tu: mahakama, tarehe, namba ya shauri na majina ya wadaawa. Anza kutafuta kwa namba ya shauri na mwaka, si kwa majina. Majina ndiyo yanayoangusha watu: Rebeca wa kwenye hukumu ana c moja, na ukiandika mbili unaweza kuambiwa hakuna kitu, ukadhani hukumu haijapandishwa. Pia kumbuka kwamba kwenye rufaa majina hugeuka, aliyekata rufaa akatangulia. Gyumi aliyekuwa wa kwanza mwaka 2016 ni wa pili mwaka 2019.

Ukiipata, nakili nukuu yake nzima: mwaka ndani ya mabano ya mraba, kifupi cha mahakama, kisha namba. TZCA ni Mahakama ya Rufani, TZHC ni Mahakama Kuu. Soma amri kwanza, halafu hoja zilizobishaniwa, halafu sababu. Ukianza na ukurasa wa kwanza na kwenda mfululizo, utachoka kwenye historia ya shauri kabla hujafika kwenye ratio decidendi, yaani sababu ya kisheria iliyobeba uamuzi.

Hatua inayorukwa na karibu kila mtu ni ya mwisho, ya kuuliza uamuzi huo ulifikia wapi. Chukua nukuu au jina la shauri, lirudishe kwenye kisanduku cha kutafutia, uone hukumu za baadaye zilizolitaja. Wakenya wametupa mfano mzuri. Mei 2021 Mahakama Kuu yao ilisema katika kesi ya BBI, mpango wa kuirekebisha Katiba ya Kenya, kwamba Katiba ina muundo wa msingi usioweza kuguswa kwa njia ya kawaida ya marekebisho, na Mahakama ya Rufani ikakubaliana nayo Agosti. Tarehe 31 Machi 2022 Mahakama ya Juu, katika [2022] KESC 8 (KLR), ikasema fundisho hilo halitumiki Kenya. Yule aliyehifadhi PDF ya Mei 2021 kwenye simu na kuacha kufuatilia anatetea msimamo ulioanguka. Kenya Law, hifadhi ya mtandaoni ya hukumu za Kenya, ni bure pia, na aya za hukumu hiyo zimepewa namba. Taja aya.

Sheria zilizotungwa zina mtego wake. Tangu 1 Julai 2025 tunatumia Toleo la Urekebu la 2023, yaani sheria za Tanzania zilizochapwa upya pamoja na marekebisho yake, ilhali notisi za darasani zinazorithishwa kutoka mwaka hadi mwaka bado zina vifungu vya toleo la 2002. Linganisha namba ya kifungu kabla hujaiandika.

Kuhusu akili unde nitasema moja tu: mwaka 2023 mawakili wa New York, katika shauri la Mata dhidi ya Avianca, walitozwa faini ya dola 5,000 baada ya kuwasilisha kesi zilizobuniwa na ChatGPT. Kesi isiyofunguka kwenye hifadhi ya mahakama usiitaje.

Nakubali, bila waandishi wa habari wengi wetu tusingejua kwamba hukumu fulani imetoka. Mwandishi ana saa mbili na nafasi finyu, na kazi yake ni kutuarifu. Nakubali pia kwamba intaneti hukatika na hukumu nyingine ni skani iliyofifia isiyotafutika kwa maneno. Hapo nenda kwa mkutubi, umpe namba ya shauri na tarehe. Usimwambie unatafuta ile kesi ya ndoa.

Walimu wangu wa sheria, nanyi nawaomba kitu. Tanbihi ya gazeti ikisimama mahali pa hukumu, ikateni alama. Mwanafunzi akitaja shauri, mwambieni aambatishe ukurasa wa amri na aandike chini yake, kwa mkono, kama kulikuwa na rufaa na iliishaje.